Nimetoka Windows 7 kwenda Windows 10, Waifai inapotea laptopu ikilala. Ni draiva au kadi imekufa?

#1 Mama Karatasi
Wakuu, habari za usiku. Nina stesheneri ndogo hapa Morogoro: nachapa, natoa kopi, nawajazia watu maombi mtandaoni. Laptopu ya kazi ni ya mwaka 2011, Core i5-2520M, RAM 4GB, niliinunua mtumba. Miaka yote ilikuwa na Windows 7 na ilinilisha vizuri. Tatizo likaja kwenye Chrome. Iligota kwenye toleo la 109, haipandi tena, na kurasa nyingi zikawa zinafunguka nusu, kitufe cha kutuma hakionekani. Mteja amesimama mbele yako na vyeti mkononi, unamwambia nini?

Juzi fundi akanipigia Windows 10 ya biti 64, akafuta kila kitu akaanza upya. Sasa hali ni hii. Asubuhi Waifai inashika safi. Nikifunika laptopu nikaenda kutoa kopi, nikirudi Waifai haipo. Siyo kwamba haishiki mtandao, hata alama yake imepotea. Naizima, nawasha, bado haipo. Nikibonyeza Restart, inarudi kama kawaida. Halafu kwenye Device Manager (ile orodha ya vifaa vya mashine) kuna alama moja ya njano, imeandikwa "PCI Simple Communications Controller".

Fundi anasema kadi ya Waifai imekufa, anataka elfu 35 aweke nyingine. Mimi najiuliza, kadi iliyokufa inafufuliwa na Restart?

#2 Kobe wa Kilosa
Ngoja waje wataalamu, naweka kambi hapa. Yangu ni ya 2012, nayo ilihamishwa hivyohivyo, ila kinachopotea ni sauti.

#3 Chuma Chakavu
Dada yangu, usitoe hiyo elfu 35 kwanza. Nimefanya kazi hii Kariakoo miaka mingi na kesi za namna yako ni nyingi. Windows 10 ikishapata intaneti inajitafutia yenyewe draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kuongea na kifaa. Inaona kadi yako, inakwenda kwenye ghala lake, inaleta draiva ambayo kwa maoni yake ndiyo mpya. Kwa kadi ya zamani, mpya siyo lazima iwe nzuri.

Fungua Device Manager, bonyeza kulia kwenye kadi ya Waifai, Properties, kichupo cha Driver. Chagua Update Driver, halafu "Browse my computer", halafu "Let me pick". Utaona orodha, mara nyingi zipo mbili au tatu. Chukua yenye tarehe ya nyuma. Kisha tafuta kifaa kidogo cha Microsoft kinachoitwa wushowhide, uifiche ile draiva mpya isirudi tena usiku ukiwa umelala.

#4 Jicho la Tatu
Kabla ya kumpa dawa tujue mgonjwa ni nani. Mama Karatasi, kwenye Properties ya Waifai nenda kichupo cha Details, chagua Hardware Ids, utuandikie mstari wa kwanza. Fanya hivyo pia kwa ile yenye njano. Ni maandishi yanayoanza na PCI\VEN.

#5 Mama Karatasi
Asanteni. Waifai: PCI\VEN_8086&DEV_0085. Ya njano: PCI\VEN_8086&DEV_1C3A. Zinaendelea, nimekata hapo.

#6 Jicho la Tatu
Zinatosha. VEN ni mtengenezaji na DEV ni kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, wamechukua namba ya prosesa yao ya mwaka 1978. Kila mtengenezaji ana yake: 10DE ni Nvidia, 1002 ni AMD, 14E4 ni Broadcom, 10EC ni Realtek. Ukijua kusoma mstari huo huhitaji kubahatisha wala kushusha programu za "draiva zote kwa mpigo", ambazo nyingi huja na mizigo usiyoiomba.

Sasa kwako. 0085 ni Intel Centrino Advanced-N 6205, kadi nzuri ya zama zake. 1C3A ni Management Engine, kijisehemu ndani ya ubao mama kinachohusika pamoja na mambo mengine na usimamizi wa mashine ikiwa imelala au imezimwa. Kwangu mimi mchawi ni huyo. Nimeshashika laptopu tatu za umri huo zilizokuwa zinalala vibaya au zinagoma kuzima, na zote zilitulia nilipoweka draiva ya Management Engine. Lakini sikuweka toleo la 11, lile ambalo Windows Update inaweza kukuletea. Niliweka la 9, lile la zama za Windows 8. Nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu, chagua Windows 8 ya biti 64 au hata Windows 7, ushushe ya hapo.

#7 Mbugua wa Luthuli
Niko Nairobi, nimesoma yote. Kuna kitu mmekiruka. Mama amesema akizima na kuwasha, Waifai hairudi, lakini Restart inairudisha. Hiyo ni Fast Startup, wazi kabisa. Tangu Windows 8 ya 2012, ukibonyeza Shut down mashine haizimi yote. Kiini cha Windows kinaandikwa kwenye diski na ukiwasha kinasomwa kilivyokuwa, pamoja na draiva iliyochanganyikiwa. Restart ndiyo inaanza upya kweli.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, ugonge Enter. Bure, na ni sekunde mbili.

#8 Chuma Chakavu
Mbugua, umeeleza vizuri kwa nini hairudi. Hujaeleza kwa nini inapotea. Kufunika laptopu ni kulala, Fast Startup haihusiki hapo. Draiva inachanganyikiwa kwanza, ndipo Fast Startup inahifadhi ule mchanganyiko.

#9 Mbugua wa Luthuli
Hapo nakubali nusu. Bado aanze na hiyo, maana haina gharama.

#10 Pweza Mweusi
Assalaam aleikum. Mie niko Unguja, na huku tuna sababu yetu ambayo nyie wa bara hamuifikirii: chumvi. Kadi ile imechomekwa tu, ina meno ya dhahabu upande mmoja. Meno yale yakishika ukungu, kadi ikipoa inapoteza mshiko, ikipata moto inarudi. Nimefungua laptopu kadhaa hapa Darajani zilizokwishapigwa Windows mara tatu bure. Nilizima, nikatoa betri, nikachomoa kadi, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli taratibu, nikapuliza, nikarudisha. Zilikaa sawa.

Dada alinunua mtumba. Hajui ilitoka nchi gani wala ilikaa ghala gani.

#11 Jicho la Tatu
Pweza, kama ni mshiko, kwa nini ilikuwa nzima kwenye Windows 7 hadi siku ile ile ya kuhamishwa?

#12 Pweza Mweusi
Kwani fundi alipoichukua hakuifungua? Mafundi wengi wakipiga Windows hupuliza na vumbi. Aulizwe.

#13 Simba Huria
Mimi nitasema lile ambalo wengine hamtaki kusikia. Weka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Kadi ya 6205 haina haja ya kutafutiwa draiva kule, iko ndani ya kiini chenyewe, unawasha na inashika. RAM 4GB inatosha ukichukua toleo la Xfce, lile jepesi.

#14 Kobe wa Kilosa
Simba, wewe hata mtu akiuliza jiko la mkaa utamwambia aweke Linux 😂

#15 Simba Huria
Cheka, lakini sikia hili. Hata kama hataki kuhama, atengeneze flashi ya Mint, awashe nayo bila kusakinisha chochote. Afunike laptopu dakika kumi, afunue. Waifai ikirudi, kadi ni nzima na hoja ya fundi imeisha. Isiporudi, tumrudie Pweza na kifutio chake. Kipimo hicho hakigusi data yake hata kidogo.

Nami siyo mkaidi, najua Linux ina maumivu yake. Ingekuwa kadi ya Broadcom angehitaji kebo ya mtandao kwanza ili ashushe draiva ya Waifai. Na kadi za michoro za Nvidia za zamani zimeachwa kwenye matawi ya kale ya draiva kama 340 na 390, ambayo viini vipya vinazidi kuyakataa.

#16 Mhasibu Mstaafu
Naomba kuuliza kwa heshima. Kwa nini mnamhangaisha dada na Windows 10 wakati ilishafungwa mwaka 2025? Angepigiwa Windows 11 moja kwa moja. Na ninavyofahamu, draiva ya Windows 7 haiingii kabisa kwenye Windows 10, kwa hiyo ushauri wa #6 hauwezekani.

#17 Jicho la Tatu
Mzee wangu, shikamoo. La kwanza, ni kweli huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ila Microsoft imeweka nyongeza ya masahihisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane. Ya dada ni kizazi cha pili. Kuna njia za kuilazimisha, lakini mtu anayeitegemea mashine kwa chakula sitamshauri.

La pili, nakusahihisha. Draiva nyingi za Windows 7 zinaingia Windows 10. Ukuta mkubwa uko nyuma zaidi, kati ya XP na Vista. Pale ndipo muundo wa draiva za michoro na sauti ulipobadilishwa, na Vista ya biti 64 ikaanza kudai kila draiva ya kiini iwe na sahihi ya kidijitali, kama saini ya kuthibitisha imetoka kwa nani. Kinachokataa kabisa ni draiva ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64. Hapo hakuna mjadala.

#18 Mbugua wa Luthuli
Kuongeza kwa #17: tangu toleo la 1607 la Windows 10, draiva mpya za kiini zinatakiwa zipitie Microsoft zisainiwe. Zilizosainiwa kwa cheti kilichotolewa kabla ya tarehe 29 Julai 2015 zimesamehewa. Ndiyo maana draiva ya 2011 inaweza kuingia bila neno. Ikileta Code 52, hiyo ni shida ya sahihi. Code 28 maana yake draiva haipo. Code 10 kifaa kimeshindwa kuanza. Watu husema tu "ina njano", na njano zina maana tofauti.

#19 Mhasibu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Nimeelewa, na nashukuru kwa kunirekebisha. Nilichokuwa nakumbuka ni printa yangu ya zamani ya XP.

#20 Kanyaga Twende
Kinyumenyume pia ni balaa. Mjomba wangu Bukavu alitaka Windows 7 kwenye kompyuta ya kizazi cha sita kwa sababu ya programu yake ya duka. Flashi ikawaka, ukurasa wa kwanza ukatokea, panya haisogei na kibodi haiandiki. Kumbe Windows 7 haina draiva ya USB 3.0 ndani yake, na ubao ule matundu yote yanapita kwenye kidhibiti cha USB 3.0. Tulikaa tukitazama kioo kinachotutaka tubonyeze Next bila chochote cha kubonyezea. Ilibidi nitafute kompyuta nyingine, niingize draiva za USB ndani ya faili za usakinishaji, ndipo nianze upya. Usiku mzima.

#21 Mama Karatasi
Wapendwa, nimerudi na majibu. Fundi nimempigia, anasema aliifungua, akapuliza vumbi, lakini kadi hakuigusa.

Jana jioni baada ya kufunga duka nilifanya haya. Nilizima ile Fast Startup kwa amri ya #7. Nikashusha draiva ya Management Engine ya Windows 7 kwenye ukurasa wa mtengenezaji kama alivyosema #6, ikaingia, njano imeondoka. Nikabadilisha draiva ya Waifai kwenda ya nyuma kama alivyosema #3. Zilikuwa mbili kwenye orodha.

Leo nimefunika na kufunua siku nzima, nahisi kama mara kumi na tano. Haijapotea hata mara moja. Nawashukuru sana, mmeniokolea elfu 35.

#22 Chuma Chakavu
Nilisema. Draiva ya nyuma.

#23 Jicho la Tatu
Chuma, pole pole. Amefanya vitu vitatu kwa jioni moja, utajuaje ni ipi? Njano imeondoka siku ile ile tatizo limeondoka.

#24 Mbugua wa Luthuli
Na ya kwanza kufanywa ilikuwa yangu 😄 Lakini Jicho yuko sawa. Dada, ukipata nafasi rudisha kimoja kimoja tuone. Itatusaidia na sisi wengine.

#25 Mama Karatasi
Kaka zangu, mashine inafanya kazi na wiki hii nina foleni ya watu wa maombi. Siigusi. Mtanisamehe.

#26 Kobe wa Kilosa
Ana haki kabisa. Na mimi nitoe ushuhuda wa sauti. Nilijaribu draiva tatu za Realtek, kila moja inakaa siku mbili, inaleta kelele kama mvua ya bati, kisha kimya. Mwishoni nikaiondoa yote, nikatiki "Delete the driver software", nikachagua ile ya Microsoft yenyewe inayoitwa High Definition Audio Device. Sauti ipo wiki ya pili sasa. Imepungua uzito kidogo, vile vitufe vya kurekebisha besi havipo, lakini ipo.

#27 Chuma Chakavu
Hiyo hufaa ila angalia maikrofoni. Kwenye baadhi ya laptopu ile draiva ya jumla haitambui umechomeka spika za masikioni, inaendelea kupiga nje.

#28 Kobe wa Kilosa
Kweli bwana, nimejaribu sasa hivi. Inapiga nje. Basi nitaishi nayo, mke wangu ndiye atakayelalamika.

#29 Kanyaga Twende
Hapo kila mtu ananunua usumbufu ambao ungeepukika. Kabla fundi hajafuta Windows ya zamani, nakili folda moja tu: C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Iweke kwenye flashi. Humo ndimo draiva zako zote zilizokuwa zinafanya kazi zimelala. Ukishapiga Windows mpya, kifaa kikikosa draiva unamwelekeza Device Manager kwenye folda hiyo na anatafuta mwenyewe. Kuanzia Windows 8.1 na 10 kuna njia safi zaidi: dism /online /export-driver /destination:D:\draiva, na kurudisha ni pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install. Muhimu biti zilingane. Na hakuna bando linaloungua.

Na jambo la pili, mtu akibadilisha namna mashine inavyoongea na diski kutoka IDE (ya zamani) kwenda AHCI (mpya) kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, ili diski ya SSD iende kasi, asibadilishe kavukavu. Atapata kioo cha bluu, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, adhani diski imekufa. Aiambie Windows iwashe kwa Safe Mode kwanza, abadilishe BIOS, iwake mara moja hivyo, ndipo arudishe kawaida. Draiva ilikuwepo muda wote, haikuwa imeamshwa.

#30 Mhasibu Mstaafu
Hili la FileRepository nimeliandika kwenye daftari. Fundi hakuwahi kuniambia.

#31 Mama Karatasi
Nimerudi tena, na habari siyo nzuri sana. Leo umeme ulikatika saa tano, nikafanya kazi kwa betri. Nikafunika, nikafunua, Waifai hakuna. Mara moja tu. Nikazima na kuwasha, safari hii ikarudi bila Restart. Umeme uliporudi, mchana wote iko sawa.

#32 Mbugua wa Luthuli
Kurudi bila Restart, hiyo ni Fast Startup imetoka. Sehemu yangu imethibitika. Kupotea kwenye betri, angalia kwenye Properties ya kadi, kichupo cha Power Management. Toa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device". Kisha kwenye mpango wa umeme, Wireless Adapter Settings, upande wa betri weka Maximum Performance. Ukipata na PCI Express, Link State Power Management, weka Off. Windows inakata umeme wa kadi ili kuokoa betri na kadi ya zamani haiamki.

#33 Jicho la Tatu
Inawezekana. Ila angalia kwanza toleo la Management Engine halijabadilishwa na Windows Update. Ni rahisi ikawa imekurudishia la 11 kimyakimya.

#34 Pweza Mweusi
Na mie nasema betri ikitumika mashine hupoa, feni hutulia, na kadi hupoa nayo. Kifutio cha penseli ni shilingi ngapi?

#35 Simba Huria
Hajapima na flashi ya Mint hata sasa. Dakika kumi tu, kwa betri. Mngekuwa mmeshajua wote.

#36 Mama Karatasi
Kaka Simba, flashi ninayo, mwanangu ananitengenezea usiku huu, nitapima kwa betri na kuleta majibu. Kutoa tiki nimeshatoa, namba ya toleo nimeiona ni 7, siyo 11. Kifutio kipo dukani kwangu, ninaviuza, lakini kufungua laptopu naogopa.

Wakati huo nauliza jingine. Printa yangu ni Canon LBP2900, fundi aliweka draiva ikachapa siku mbili, sasa kazi zinajipanga kwenye foleni hazitoki, na tundu la USB nililohamishia limetengeneza printa ya pili yenye jina lile lile na "Copy 1" mwishoni. Niifute ipi?

#37 Kobe wa Kilosa
Usifute kitu. Irudishe kwanza kwenye tundu lile la mwanzo, uone ile isiyo na "Copy 1" kama itaamka.